Kutoa ni Moyo, Kufikisha ni Njia: Historia ya Michango Ipitayo Bujumbura



Kila mwaka ifikapo tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, tunakumbuka safari za watu: nani alitoka wapi, alivuka mto gani, alipokelewa na nani. Safari hii tumeona vema tuandike habari za safari nyingine, ile ya pesa. Sababu yake mnaijua. Ndugu zetu waliochukuliwa Marekani, Kanada, Australia na Ulaya wanatupigia simu na kuuliza swali moja: "Tunataka kuchangia mazishi, dawa na karo za watoto. Tutume kwa njia gani?" Mmoja anasema tufungue ukurasa wa michango kwenye intaneti. Mwingine anasema tutumie simu. Wa tatu anasema tungoje mtu anayesafiri. Mkutano mkuu wa kambi utapaswa kuamua, na kabla ya kuamua ni vizuri kujua wenzetu waliotutangulia walipitia wapi.

Wahenga walisema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Sisi tunaongeza kwamba kufikisha ni njia. Moyo wa mtoaji ukiwa safi na njia ikiwa mbovu, mgonjwa hapati dawa. Historia tutakayoieleza hapa inaonyesha jambo moja: karibu kila mara njia huchaguliwa na anayetoa, na hasara humwangukia anayepokea. Kwa hiyo tunaposhauriana, tuanzie mwisho wa njia, pale pesa zinapopokelewa, ndipo turudi nyuma hadi kwa mtoaji.

SHANGA, RUPIA NA HELA

Katika miaka ya 1870, kwenye soko la Ujiji, ng'ambo ya ziwa letu, watu walinunua na kuuza kwa shanga zilizoitwa sofi. Mwenye sofi alikuwa tajiri sokoni Ujiji. Akisafiri mbali na ziwa alilazimika kuzibadilisha apate nguo au kitu kingine kinachokubalika huko aendako. Tangu zamani hizo pesa ilikuwa na mpaka wake, na anayeuvuka mpaka huo hupoteza kidogo.

Wajerumani walipoweka kituo chao Usumbura mwishoni mwa karne ya 19, walikuja na rupia ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mwanzoni rupia moja iligawanywa katika pesa 64. Mwaka 1904 hesabu ilibadilishwa, rupia moja ikawa heller 100. Wajerumani waliondoka mwaka 1916, ila neno lao lilibaki. Waswahili wanasema hela, na Warundi hadi leo wanasema amahera. Ndugu zetu wa Buyenzi na Bwiza, mitaa ya Waswahili hapa Bujumbura, hutumia maneno yote mawili katika sentensi moja.

Baada ya Wajerumani wakaja Wabelgiji na faranga ya Kongo. Kwa miaka zaidi ya arobaini, mtu wa Usumbura na mtu wa Bukavu au Uvira walitumia noti moja. Mchango wa msiba uliotoka Uvira ulifika Usumbura bila kubadilishwa. Mwaka 1960 ikaanzishwa benki ya kutoa fedha kwa Rwanda na Burundi pamoja. Mwaka 1964 Burundi ikawa na faranga yake na benki kuu yake, ambayo tangu utawala wa kifalme ulipokoma mwaka 1966 inaitwa Benki ya Jamhuri ya Burundi, yaani BRB. Tangu hapo kila mchango unaovuka mto Rusizi unapita kwenye mlango wa kubadilisha fedha. Mlango huo tutaurudia, maana ndipo hasara kubwa inapojificha.

POSTA, MISHENI NA BENKI

Zamani mtu wa ng'ambo aliyetaka kumsaidia mtu wa Bujumbura alikwenda posta. Alilipa pesa kule, posta ikatuma karatasi inayoitwa mandati, na mpokeaji akalipwa kwenye posta ya huku baada ya kuonyesha kitambulisho. Njia hii ilikuwa ya polepole, lakini ilikuwa na sifa mbili njema. Ya kwanza, kila upande ulibaki na risiti. Ya pili, ada ilijulikana kabla. Upungufu wake ulikuwa kwamba jina kwenye mandati na jina kwenye kitambulisho yalipaswa kulingana, na asiye na kitambulisho hakulipwa. Mkimbizi anaijua shida hiyo bila kuelezwa.

Njia ya pili ilikuwa misheni. Muumini wa Ulaya aliweka sadaka yake kwenye akaunti ya misheni huko huko Ulaya. Misheni ilitumia pesa hizo kununua dawa na vifaa Ulaya, na huku Burundi ikatoa faranga ilizokuwa nazo tayari. Pesa zenyewe hazikuvuka bahari. Kilichovuka kilikuwa hesabu. Wafanyabiashara wa Kiarabu, Kihindi na Kisomali walitumia ujanja huo huo kati yao, na Wasomali wanauita hawala. Mtu analipa Nairobi, simu inapigwa, na mwenzake analipwa Dadaab.

Njia ya tatu ilikuwa shirika kubwa. Warundi walipokimbilia Tanzania mwaka 1972 na kupelekwa Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo, shirika la kikristo la TCRS, lililoanza kazi mwaka 1964, lilikuwa miongoni mwa waliowahudumia. Nyuma yake palikuwa na Shirikisho la Walutheri Duniani lenye makao yake Geneva. Mchango wa sharika za Ulaya na Amerika ulimfikia mkimbizi ukiwa umegeuka jembe, mbegu au kisima. Hatudharau njia hii; visima na mashule vilijengwa. Ila katika mpango huo mkimbizi alikuwa mtu wa kupokea kitu. Hakuwa mtu wa kuandikiwa risiti wala kusoma daftari. Mengi ya malalamiko yanayosikika makambini kuhusu misaada yanaanzia hapo. Watu wanaona kitu, hawaoni hesabu.

BAHASHA YA MKONONI

Mwaka 1993 vita vilipoanza Burundi, na baada ya hapo vita vya Rwanda na vya Kongo, njia nyingi ziliharibika. Tarehe 31 Julai 1996, siku chache baada ya mapinduzi ya Buyoya, viongozi wa nchi jirani waliokutana Arusha waliamua kuiwekea Burundi vikwazo. Safari za ndege na biashara za mipakani zikasimama, mafuta yakawa haba, na vikwazo hivyo havikusimamishwa hadi Januari 1999. Katika miaka hiyo familia nyingi zilirudi kwenye njia ya zamani kuliko zote, yaani bahasha iliyokabidhiwa msafiri.

Bahasha ina faida zake. Haina fomu, haiulizi kitambulisho, na msafiri mwaminifu hakati hata senti. Lakini bahasha haina risiti. Msafiri akiibiwa njiani, au akizuiwa kwenye kizuizi, hakuna wa kumdai. Akitokea mwenye tamaa, neno lake linapambana na neno la mama mjane, na sote tunajua nani husikilizwa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1990, kampuni kama Western Union zilieneza matawi yao Afrika. Western Union yenyewe ni ya zamani, ilianza na simu za maandishi Marekani mwaka 1851, na kutuma pesa ikaanza mwaka 1871. Pesa zilifika kwa dakika chache badala ya majuma. Hata hivyo masharti ya mandati yalibaki yale yale: kitambulisho, jina lisilo na kosa, na safari ya kwenda mjini. Kwa mkaaji wa kambi iliyo mbali na Bujumbura, nauli na ruhusa ya kutoka kambini ni ada pia, ingawa haiandikwi kwenye karatasi ya kampuni.

SIMU INAGEUKA BENKI

Mwezi Machi 2007 kampuni ya Safaricom ilianzisha M-Pesa nchini Kenya. Mwaka uliofuata Vodacom ikaipeleka Tanzania. Hapa Burundi tulikuja kuzoea EcoCash ya kampuni ya Econet, na Lumicash ya Lumitel, kampuni iliyoanza kazi nchini mwaka 2015. Wakala akawa jirani yetu. Anakaa chini ya mwavuli, ana daftari, ana simu mbili. Kwa mara ya kwanza mtu asiye na akaunti ya benki aliweza kupokea pesa bila kupanda gari.

Njia hii iligeuza pia habari za michango. Mwezi Julai 2011, njaa ilipoipiga kaskazini ya Kenya, Safaricom, benki ya KCB, vyombo vya habari na Msalaba Mwekundu wa Kenya walianzisha mchango ulioitwa Kenyans for Kenya. Walilenga shilingi milioni 500 kwa majuma manne, na lengo hilo likapitwa. Watu wa kawaida walichangia kwa simu zao, wengine shilingi chache tu. Mwaka mmoja kabla, Januari 2010, Wamarekani waliichangia Haiti baada ya tetemeko kwa kutuma ujumbe wa simu, dola 10 kila mmoja, na zaidi ya dola milioni 30 zikapatikana. Tofauti ni hii: Marekani mchango uliandikwa kwenye bili ya simu, na kampuni ililipa bili ikishalipwa, Kenya pesa ilitoka mfukoni papo hapo. Watu wa Afrika Mashariki, kwa jambo hili, walikuwa wamewatangulia matajiri.

Kwa wakimbizi, simu ilileta shida ya laini. Kusajili laini kunadai kitambulisho. Katika kambi ya Kakuma, mwaka 2015, PAM ilianza mpango wa Bamba Chakula. Kila familia ilipewa laini maalumu, sehemu ya posho ikaingia kwa simu, ikatumika katika maduka yaliyoandikishwa. Uganda, mwezi Agosti 2019, ilitoa agizo lililowawezesha wakimbizi kusajili laini kwa karatasi zao za ukimbizi. Tanzania mambo yalikwenda kinyume: Nyarugusu, PAM ilianza kutoa pesa badala ya chakula mwishoni mwa 2016, na mwaka 2017 serikali ikaagiza mpango huo usimame. Tunajifunza kwamba simu ni njia nzuri, ila mlango wake una mwenye ufunguo, na mwenye ufunguo si sisi.

INTANETI NA KADI YA MTOAJI

Sasa tufike kwenye njia ambayo vijana wetu wanaitetea sana. Kampuni iliyokuja kuitwa PayPal ilianzishwa California mwaka 1998. GoFundMe ilianza mwaka 2010. Stripe, inayopokea malipo ya kadi kwa niaba ya mashirika na wafanyabiashara, ilifunguliwa kwa watu wote Marekani mwaka 2011. Tangu hapo kuchangia kukawa kazi ya dakika moja: mtu anasoma habari, anaandika namba za kadi yake, anabonyeza, amemaliza.

Tuangalie hesabu. Bei iliyojulikana sana Marekani ilikuwa asilimia 2.9 ya kila mchango pamoja na senti 30. Senti 30 zinaonekana si kitu. Lakini watu wetu hutoa kidogo kidogo, haba na haba hujaza kibaba. Mchango wa dola 100 ukitolewa mara moja hukatwa dola 3.20. Watu 20 wakitoa dola 5 kila mmoja, jumla ni dola 100 hizo hizo, lakini makato ni dola 8.90. Haba na haba imejaza kibaba cha kampuni.

Hiyo ni hatua ya kwanza tu. Majukwaa makubwa ya kuchangisha yalijengwa kwa watu wenye akaunti za benki katika nchi yanazozihudumia, nyingi zikiwa za Ulaya na Amerika. Baadhi ya huduma humruhusu mtu wa nchi fulani kulipa, lakini hazimruhusu kupokea. Kwa hiyo ukurasa hufunguliwa kwa jina la ndugu aliye ng'ambo, pesa huingia kwenye akaunti yake, naye huzituma kwa njia ya pili. Mwaka 2023 Benki ya Dunia ilionyesha kwamba kutuma dola 200 kwenda nchi za Afrika kusini ya Sahara kuligharimu kwa wastani karibu asilimia 8, ndani yake ada pamoja na faida ya kubadilisha fedha. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulikuwa umejiwekea lengo la kushusha gharama hiyo chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Tukitumia wastani huo, zile dola 91.10 zilizobaki hupungua tena kwa dola 7.29. Kati ya dola 100 zilizotoka mikononi mwa watu 20, zinafika karibu dola 84. Ndugu hao hao wangekusanya kwanza kama tunavyofanya kwenye likelemba, mmoja wao akashika hesabu, kisha wakatuma fungu moja bila kupita kwenye kadi, zingefika dola 92. Dola 8 hizo ni dawa ya mtu.

Kuna mambo mengine matatu ambayo watu hawayatazami. Jambo la kwanza, malipo ya kadi yanaweza kurudishwa. Mwenye kadi akilalamika benki kwamba hakuidhinisha, pesa huvutwa hata kama zimekwisha kutumika, na mara nyingi aliyepokea hutozwa ada juu yake. Wezi wa kadi hupenda kurasa za michango, hujaribu kadi za wizi kwa kutoa dola moja au mbili. Jambo la pili, pesa iliyo kwenye akaunti ya mtu binafsi ni ya mtu huyo mbele ya sheria. Akifa, akidaiwa au akigombana na wenzake, mchango wa kambi unaingia kwenye mashaka. Ndiyo maana wachangishaji wa siku nyingi hutafuta shirika lililosajiliwa la kuwa mwavuli, nalo kwa kawaida hubakiza asilimia fulani. Hapa Burundi mwavuli wa namna hiyo ni chama kilichosajiliwa kama ASBL.

Jambo la tatu ni picha. Ukurasa wa michango unataka sura na habari ya kusikitisha. Mtoto aliyepigwa picha kwa ajili ya mchango wa juma moja, picha yake hubaki miaka, na anayemtafuta mzazi wake kwa ubaya anaweza kuiona. Sisi tuliokimbia tunajua kwamba jina na sura ya mtu, pamoja na mahali anapolala, ni siri ya kulindwa.

FARANGA NA MLANGO WA KUBADILISHA

Tulisema tutaurudia mlango huu. Februari 2020, BRB iliondoa leseni za maduka yote ya kubadilisha fedha. Oktoba 2022 yakaruhusiwa tena. Katika miaka yote hiyo kulikuwa na bei mbili za dola: ya benki na ya kando. Mwezi Mei 2023 BRB ilishusha thamani ya faranga. Dola moja, iliyokuwa ikihesabiwa faranga 2,000 na kidogo, ikawa inakaribia 2,900, na bei ya kando ilikuwa juu zaidi ya hapo. Aliyepokea dola 100 kwa bei ya benki kabla ya siku hiyo na aliyepokea baada yake walitofautiana kwa faranga zipatazo 80,000. Hakuna kampuni inayokata komisheni kubwa namna hiyo. Kwa hiyo mtu akikwambia "njia yetu haina ada", muulize kwanza: "Kiwango chenu cha leo ni kipi?"

Mwezi uliofuata, Juni 2023, BRB iliziondoa noti za zamani za faranga 5,000 na 10,000 na kutoa siku 10 za kuzipeleka benki. Fikirini makopo ya mazishi na masanduku ya akina mama yanayofungwa kwa kufuli chini ya kitanda. Mwenye akaunti alisimama kwenye foleni. Asiye na akaunti, tena yuko mbali na mji, alitafuta mtu wa kumwekea, na msaada wa namna hiyo mara nyingi una bei yake. Pesa taslimu nayo, tuliyoidhani haina hila, ina tarehe yake ya kufa.

NJIA HUFUNGWA USIKU MMOJA

Wasomali wana somo kubwa la kutufundisha. Novemba 2001 Marekani ilifunga kampuni ya hawala ya Al-Barakaat, na familia nyingi zilizokula kwa pesa hizo zikabaki zinatazamana. Mwaka 2013 benki ya Barclays ya Uingereza ilitangaza kwamba itafunga akaunti za kampuni kadhaa za kutuma pesa, Dahabshiil ikiwamo. Aprili 2015, baada ya mauaji ya Garissa, Kenya ilisimamisha kampuni 13 za aina hiyo, zikafunguliwa tena mwezi Juni. Katika visa hivyo vyote mpokeaji wa kambini hakuwa na kesi yoyote, lakini mwezi huo hakupata unga.

Nyumbani kwetu Kongo tuliona vilevile. Vita vilipofika Goma mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu katikati ya Februari, benki zilifunga milango. Watu walitegemea pesa za simu, nazo zilitaka wakala mwenye noti mkononi, na noti zilikuwa chache. Makumi ya maelfu walivuka Rusizi kuingia Cibitoke. Mwenye pesa kwenye laini ya Kongo alifika upande huu akiwa nazo kwenye simu, ila hakuweza kuzitoa kwa wakala yeyote tu wa Burundi. Hivyo hata njia ya kisasa kabisa ilikwama mtoni, kama sofi za Ujiji zilivyokwama zilipotoka kwenye soko lake.

MASWALI YA KUULIZA

Kutokana na historia hii, tunashauri kila njia itakayoletwa mbele ya mkutano mkuu ijibu maswali sita, na yaulizwe kwa mpangilio huu, kuanzia kwa mpokeaji.

Kwanza, nani anaweza kupokea? Bibi kizee asiye na laini yake, kijana ambaye karatasi yake haijafanywa upya, mke ambaye simu inashikwa na mume: je, njia hii inawafikia au inawapita?

Pili, mwisho wa njia pana noti? Wakala wa karibu ana pesa za kutosha siku ya msiba, au tutaambiwa turudi kesho?

Tatu, faranga ngapi zitaingia mkononi? Tusikubali kuhesabiwa ada peke yake. Tuhesabu makato ya kadi, ya kutuma, ya kubadilisha, ya kutoa, na nauli.

Nne, pesa zitakaa kwa jina la nani zikiwa njiani, na mtu huyo akipatwa na jambo itakuwaje?

Tano, nani atasoma daftari? Simu na intaneti zinaandika kila kitu, lakini maandishi yanayosomwa na mtu mmoja kwenye simu yake hayajawa daftari la jumuiya.

Sita, njia hii ikifungwa usiku wa leo, kesho tutapita wapi?

MAONI YA KAMATI

Sisi wa kamati hatuikatai intaneti. Kwa mtoaji mgeni asiyetujua, ambaye hana mtu wa kumkabidhi pesa, ukurasa wenye kupokea kadi ni mlango mzuri, mradi uwe chini ya shirika lililosajiliwa, uwe na picha za madarasa na visima badala ya nyuso za watoto, na michango yake ikae kwanza muda wa kutosha kabla ya kutumika. Kwa ndugu zetu wenyewe walio ng'ambo, tunaona likelemba bado inashinda: wakusanye kila baada ya miezi mitatu, watume fungu moja, liingie kwenye akaunti ya chama kilichosajiliwa, katika benki au COOPEC, akaunti ambayo haifunguki bila sahihi za watu wawili, mmoja wao awe mwanamke. Kwa dharura ya ugonjwa na mazishi, simu itumike, na siku hiyo hiyo kiasi kilichopokelewa kiandikwe kwenye ubao wa matangazo: kilichotumwa, kilichokatwa, kilichofika. Tunawakumbusha pia wazee wetu kwamba namba ya siri haipewi wakala, hata akiwa mtoto wa jirani.

Kwa wafanyakazi wa mashirika tuna ombi moja. Mnapochagua kampuni ya kulipia posho au ukurasa wa kuchangisha kwa jina letu, tuiteni mezani kabla mkataba haujatiwa sahihi. Ninyi mnajua sheria na bei. Sisi tunajua ni nani hana laini, ni wakala gani hukaukiwa siku ya mgao, na ni njia gani ya kwenda mjini haipitiki mvua ikinyesha. Ujuzi huu wa pande mbili ukikutana, mchango hupungukiwa kidogo njiani.

Rupia ilipita, faranga ya Kongo ilipita, noti za 2018 zilipita. Lumicash na kadi nazo zitapata za kuzirithi. Kitakachobaki ni watu wanaoaminiana kwa sababu daftari lao liko wazi. Mkutano mkuu ukikaa, kila mtaa wa kambi ulete watu wawili, mmoja anayejua kusoma hesabu na mmoja aliyewahi kupokea mchango, tukate shauri pamoja.

Tunawatakia maadhimisho mema na amani nchini Burundi, nchini Kongo, na popote walipo ndugu zetu.

Kamati ya Jumuiya